Wawezeshaji wapya, mdahalo hapana

Nimepitia maandalio mliyoyaleta ya vikao vya Wayahudi na Waislamu, na karibu kila moja lina "mdahalo". Wanangu, mnanizeesha. Tuyaseme kabla watoto hawajaingia.

1. Kalenda. Ijumaa mchana kuna sala ya jamaa, jua likizama Sabato imeingia. Siku hiyo iacheni. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo msinakili ratiba ya mwaka jana.

2. Chakula: nyama ya halali si lazima iwe kosheri, yaani inayoruhusiwa kwa Wayahudi. Leteni matunda mazima, yaishe.

3. Ibrahimu na mwanawe. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipoungua. Nilikuwa mpya kama nyinyi, nikijiona mbunifu. Nikawaweka Wayahudi upande huu na Mwanzo 22, Waislamu upande ule na Surat As-Saffat, swali ubaoni: aliyekaribia kuchinjwa ni Isaka au Ismaili? Na alama nikawa natoa! Punde hakuna aliyekuwa anasoma tena, kila mtoto anatetea kwao. Binti mmoja mpole akaulizwa mbele ya wote, "Kwa hiyo kitabu chenu kinadanganya?" Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia saa, nikasema muda umeisha, na haukuwa umeisha. Aliyeuliza sina la kumlaumu. Zoezi nililitunga mwenyewe, naye alilifuata hadi mwisho wake. Fedheha kubwa ilikuja nilipofungua tafsiri niliyopaswa kuifungua kabla: aya zenyewe hazimtaji mtoto kwa jina. Waislamu wengi leo husema Ismaili, lakini Tabari, mfasiri mkubwa wa Qur'ani aliyefariki mwaka 923, alielekea kwa Isaka. Nilikuwa nimewalazimisha watoto wa miaka 12 kupigania jambo ambalo wafasiri wenyewe walilijadili kwa utulivu. Sasa nachanganya vikundi na kuuliza: baba anamwambia nini mtoto, naye anajibu nini? Wanagundua wenyewe kwamba kwenye Mwanzo anauliza kondoo yuko wapi, na kwenye Qur'ani anasimuliwa ndoto, akaridhia. Kipindi kizima kinaishia hapo, na kengele inawakuta bado wanabishana vizuri.

4. Msimuulize mtoto "Waislamu mnasemaje?" Si mufti, na mwenzake si rabi. Ulizeni kwao wanafanyaje. Kijana mmoja alitueleza kwamba Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi, kwao wote hufunga, isipokuwa babu, ambaye hufungia jikoni mlango ukiwa umefungwa. Hilo rabi asingetupa.

5. Israeli na Palestina zitaingia hata zisipoalikwa. Kubaliana na mwezeshaji mwenzako mapema nani atajibu nini.

6. Karatasi zenye maandiko haziendi kwenye pipa. Wayahudi huyaweka kwenye geniza, yaani hifadhi ya maandiko yaliyochakaa, kisha huyazika. Waislamu nao wana njia zao za kuyasitiri. Juzi nimemkuta mmoja wenu anafutia meza karatasi yenye Qur'ani 5:32 upande mmoja na Mishna (mafundisho ya marabi wa kale), Sanhedrin 4:5, upande wa pili. Angalau hakupendelea. Boksi liko kabatini.