Kuhamia shamba la makuchu Tennessee: majibu ya aliyekaa

Ndugu, umeuliza kama wewe na wenzako wawili mnaweza kuacha kazi za ghala Atlanta mkaishi kwenye zile komuni, yaani mashamba ya kuishi pamoja, za makuchu (mashoga, wasagaji na wenzao) milimani. Mimi nilikaa shamba moja dogo jirani na Short Mountain, katikati ya Tennessee. Nilifika kwenye mkusanyiko wa Mei, nikabaki mpaka baridi ilipoanza kuuma.

Zile picha za watu wenye magauni na mabawa wakicheza kuzunguka mlingoti ni za kweli, na raha yake naijua. Ila hizo ni siku chache tu kwa mwaka. Zilizobaki ni kuni, matope na mbuzi. Mbuzi wa maziwa hana habari kwamba ulilala saa tisa usiku. Maji ni ya chemchemi, umeme ni wa sola, kukiwa na mawingu mfululizo simu inazima. Choo ni cha nje, ukimaliza unamwaga kopo la maranda. Kama umekulia kwa bibi Muheza au Kakamega hutashtuka. Waliokuwa wanahangaika ni wa New York.

Chakula sina malalamiko. Majani yao ya collard ni sukuma wiki mtupu, na unga wa mahindi wa njano haukosekani dukani. Nilisonga ugali wa watu ishirini na kitu kwa kipande cha ubao, wakaula na kabichi iliyochachushwa. Kuchachusha huko ni kama dini: Short Mountain ndiko alikoishi Sandor Katz, bingwa wa mambo hayo, aliyehama New York miaka ya 1990 akiwa na VVU. Wazee niliowakuta walikuja miaka ya ukimwi wakiwa wameshazika marafiki wengi. Ukikaa nao jikoni ndipo utaelewa kwa nini hawataki kurudi mjini.

Wengi ni Radical Faeries, kundi la makuchu lililotokana na mkutano ulioitishwa jangwani Arizona mwaka 1979 na Harry Hay, mwanaharakati wa haki za mashoga, na wenzake. Wana duara lao: kitu kinapita mkono kwa mkono, aliyekishika anasema ya moyoni, hakuna kumjibu. Mwanzoni nilicheka kimoyomoyo. Baadaye nikawa ninalisubiri.

Sasa kubwa kuliko yote: hati ya ardhi ina jina la nani? Shamba letu lilikuwa la mtu mmoja, roho yake nzuri tu. Vikaoni tulisema "sisi sote", na mmoja akikataa jambo linakwama. Ulipozuka ugomvi wa paa la ghala, kila mtu akaona sauti ya nani ina uzito. Wawili waliojijengea vibanda kwa mikono yao waliondoka na mabegi tu, hata senti ya mbao hawakurudishiwa. Linganisha na wanawake wa Oregon: katikati ya miaka ya 1970 waliunda amana ya ardhi kwa ajili ya wanawake, shamba lao la OWL likawekwa humo, ili asitokee mtu wa kuliuza kama mali yake. Kabla hujapigilia msumari wa kwanza, omba kuona karatasi.

Pesa pia uliza mapema. Komuni ya Twin Oaks kule Virginia, iliyoanza 1967 (si ya makuchu pekee, ila wamejaa), mapato ni ya wote na kila mtu anadaiwa saa 40 hivi za kazi kwa wiki, kupika na kulea watoto zikiwemo. Kwetu kila mtu alitoa mchango wa mwezi na kujitafutia kibarua. Bila gari, sahau.

Weusi tulikuwa wa kuhesabika, na kuna jioni nilichoka kuwa somo la watu. Majirani wa kanisani, ajabu, hawakunisumbua. Mmoja alitutoa matopeni kwa trekta lake bila kuuliza neno.

Kama kesi yako ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado iko mahakamani, usihame sasa. Barua ya tarehe ikikupita unaweza kuamriwa kuondoka bila kusikilizwa, na sanduku letu la posta lilikuwa mbali, barabara ikiteleza hakuna anayelifuata. Maliza kesi kwanza. Kisha waandikie, maana wengi hawapendi mtu anayetokea tu, na uombe kwenda Februari, si Mei. Beba buti za mpira.