Nimeacha sigara, mbona sasa fizi zinatoka damu?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 41, niko Wete. Nimevuta sigara tangu nina miaka 19, pakiti moja kwa siku. Ramadhani hii nilivuta kidogo kidogo usiku, na tangu Idi sijagusa, sasa ni wiki ya nne. Miaka yote hiyo fizi zangu hazijawahi kutoka damu. Leo kila nikipiga mswaki natema damu. Wenzangu barazani wanasema mwili ulishazoea moshi, nirudie japo sigara mbili kwa siku. Mmoja kaniletea unga wa kukaza fizi, eti unang'arisha na meno. Niutumie?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Sigara usirudie, na huo unga usiutie kinywani.

Katika barua yako, damu ya leo hainitishi sana. Kilichonitisha ni hayo maneno kwamba miaka yote fizi hazijatoka damu. Wavutaji wananiambia hivyo karibu kila siku ya kliniki, tena kwa fahari, kana kwamba wamenionesha cheti cha afya.

Nikotini inabana mishipa midogo ya damu. Mtu asiyevuta akipata ugonjwa wa fizi, ufizi huwa mwekundu, unavimba, ukiguswa tu unatoka damu, naye anashtuka anakuja. Kwa mvutaji ufizi huo huo hupauka na kuwa mgumu, mara nyingi hautoi hata tone, na huku chini mfupa unaoshika jino unaliwa kimya kimya. Na ujue mvutaji ndiye anayeugua zaidi: uwezekano wake wa kupata maradhi haya ni kama mara mbili ya asiyevuta.

Alinijia mvuvi mmoja analalamika gego la chini linacheza akitafuna. Fizi zake ukizitazama kwa macho utasema nzima. Nikachukua kijiti chetu cha kupimia, chembamba kama sindano, kina alama za milimita, nikakiteremsha taratibu baina ya jino na ufizi. Penye uzima hakipiti milimita 3. Kwake kilizama mpaka 8, na nilipokitoa kilikuwa hakina damu. Akaniambia, "Si unaona daktari, hata damu hamna." Nikalishika gego kwa vidole viwili, likaenda huku na huku. Picha ya eksirei ilionesha mfupa umeshuka karibu na ncha ya mzizi. Lile gego hatukuweza kuliokoa.

Kwako wewe, mishipa imeanza kufunguka na damu inarudi kwenye ufizi. Hutokea kwa wengi katika wiki za mwanzo za kuacha. Ugonjwa ulikuwepo zamani, moshi ukiuficha. Kwa hiyo nenda ukaondolewe ugaga, yaani ukoga ulioganda mgumu kwenye meno, hata ule uliojificha chini ya ufizi, maana mswaki haufiki huko. Pima na sukari, kwani kisukari nacho huharibu fizi. Usiache kupiga mswaki panapotoka damu. Tumia mswaki laini, asubuhi na usiku; ukipaogopa, ukoga unazidi na damu inazidi.

Sasa huo unga. Hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Anayekuuzia hajakuangalia kinywa, hakwambii umo nini, na hakuna unga unaorudisha mfupa ulioliwa. Nyingi ya hizi ni vitu vya kukwaruza: majivu, mkaa, magadi, na wengine huongeza ndimu. Ndimu inalainisha tabaka gumu la nje la jino, kisha unga unalisugua. Wiki ya kwanza utaona jino jeupe, utamshukuru. Lakini tabaka hilo haliotei tena, na lililo chini yake ni la manjano, kwa hiyo kadiri unavyosugua ndivyo meno yanavyozidi umanjano, na maji baridi yanakuchoma.

Hata karafuu yetu, naipenda kama Mpemba yeyote, na sisi wenyewe mafuta yake tunayachanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Lakini yanatia ganzi tu. Ukiyadondosha matupu kwenye ufizi kila usiku yanauchoma, na ugonjwa unaendelea wewe ukiwa huusikii.

Na wenzako wa barazani wasidhani nakusemesha wewe peke yako. Mwenye kuvuta, mwenye kutia kuberi au ugoro mdomoni, mwenye kutafuna tambuu na popoo na tumbaku, aangalie kinywa chake kwenye kioo, chini ya ulimi na ubavuni mwake, na ndani ya mashavu. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au baka jeupe lisilofutika, aje hospitali wiki hiyo hiyo. Nimewapokea watu waliochomwa kidonda kwa dawa za mtaani miezi mitatu, minne, wakaja saratani imeshafika shingoni. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya mtama na hakikuuma, na kwa kuwa hakikuuma wakakidharau.

Ukifika kwa daktari wa meno, mwambie ulivuta miaka 22 na umeacha tangu Idi, kisha umuombe akupime fizi jino kwa jino, akutajie milimita zake.