Kidude cha waifai cha USB kinakatakata

Pole ndugu yangu wa Uyole. Umesema kompyuta ya mezani inakata waifai kila mara, ilhali simu hapo hapo iko sawa. Basi ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, usiiguse kwanza.

Kichomoe hicho kidude cha kunasia waifai huko nyuma ya kompyuta. Bati la kompyuta huzuia mawimbi, na tundu za USB 3, mara nyingi zile za bluu, huvuruga masafa ya gigahezi 2.4 ambayo waifai hutumia. Mimi hapa Iringa nilinunua waya wa kurefushia USB, nikakiweka juu ya meza, kikatulia siku ileile. Kikiendelea kusumbua, weka upya draiva, yaani programu inayokiendesha, kutoka tovuti ya mtengenezaji. Draiva za kuokoteza mtandaoni zinaweza kuja na virusi, tafadhali sana. Tundu likilegea au kidude kikiunguza mkono, muone fundi.