Walimu ajira mpya Dar, wageni wa shule hawaishi, jipangeni mapema

Karibuni sana walimu wenzangu mlioripoti shule za msingi huku Dar. Mambo mengi mtaelekezwa ofisini ila hili la wageni na shughuli za shule huwa hakuna anayekaa chini kukufundisha, unalikuta tu siku uko zamu. Muhula huu tu kwetu wamepita wathibiti ubora, watu wa afya, wanachuo wa mazoezi ya kufundisha, kinamama walioleta taulo za kike, na bado watoto wametoka ziara. Naomba mshike hili moja, kila anayeingia getini jiulize mtoto anabaki na nini.

Wathibiti (zamani tukiwaita wakaguzi) msiwaogope jamani. Watataka azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya watoto yaliyosahihishwa. Ukikesha usiku mmoja ukaandika maandalio ya mwezi mzima wanajua, wao pia ni walimu. Na msiwakaririshe watoto somo walilokwishasoma ili darasa lionekane linajua, mtoto wa la pili anaona kabisa mwalimu wake anadanganya, hiyo haitoki kichwani.

Siku ya chanjo ndo kazi kubwa. Ile ya HPV ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, toka 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14, kwa hiyo inagusa karibu madarasa yote ya juu. Hapo maneno ya mtaani yanakuja mengi, eti watoto hawatazaa, na mama atafika getini amewaka. Usimjibu kwa ukali, mpe kiti, muite muuguzi amweleze taratibu kwamba inakinga virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, shangazi zetu na mama zetu wanaugua ugonjwa huo. Wazazi wapewe taarifa mapema, sio asubuhi ileile. Halafu hakikisheni watoto wamekula, wengi wanatoka nyumbani bila hata chai, sasa mmoja akianguka kwenye foleni kwa njaa na woga, shule nzima itasema ni sindano na mchana hupati mtoto wa kuchanja.

Wafadhili nao tunawashukuru sana, lakini mtoto kuvalishwa viatu mbele ya kamera huku wenzake wanamwangalia mimi siafiki hata kidogo. Ongea na mwalimu mkuu vigawiwe ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, picha ya mtoto sio ya kurushwa tu mitandaoni bila mzazi kuridhia. Na msiwapange watoto juani waimbe wakati mgeni bado yuko kwenye foleni ya magari Ubungo, wakae darasani wasome mpaka gari liingie.

Ziara ndo naipenda kuliko zote. Makumbusho ya Taifa pale Posta watoto wakisimuliwa habari za fuvu la Zinjanthropus, Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, somo linabadilika kabisa, maana walikuwa wanalisoma kitabuni tu. Wape maswali ya kutafuta kabla hamjaondoka la sivyo watakumbuka soda na basi tu. Hela za ziara usikusanye kwa uamuzi wako, anza kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, na yule asiye na nauli mtafutieni namna, asibaki.

Kitabu cha wageni kila mtu asaini hata awe kaja na suti na gari kubwa, na mgeni asiachwe peke yake na watoto hata kama anafahamika.

Halafu darasa la saba, ikifika Agosti wasitolewe darasani kwa mgeni yeyote, mtihani wao Septemba. Ukiona wanaitwa mwambie mwalimu wa taaluma, atakusapoti.