Uhamaji au uhamiaji?

SWALI: Mwalimu wa jiografia amenikata alama kwenye sentensi mbili. Ya kwanza: "Uhamiaji wa vijana kutoka vijijini hupunguza nguvukazi ya kilimo." Ya pili: "Idadi ya watu duniani wamekuwa wakipungua tangu miaka ya 1960." Nimekosea wapi?

JIBU: Kuhama ni kuondoka mahali ulipokuwa ukiishi. Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi -i- cha kauli ya kutendea kinakuwa kuhamia, na hapo msemaji hatazami tena mahali palipoachwa. Anatazama mahali panapoingiwa. Ndiyo maana mtu amehama kijiji, lakini amehamia mjini. Kiambishi kimeshaelekeza safari, kwa hiyo "amehamia kwenda Kanada" ni kurudia jambo lile lile, na "amehamia kwa Kanada" si Kiswahili. Amehamia Kanada, basi.

Nomino zinafuata vitenzi vyake. Wewe unazungumzia vijana wanaoondoka, na pengo unalolitaja limebaki kule walikotoka, hivyo uhamaji ndio unaofaa. Mimi nisingekukata alama, ningepiga mstari tu. Sababu ni kwamba matumizi ya watu hayajatulia: "uhamiaji kutoka vijijini kwenda mijini" imejaa vitabuni, na kwa kuwa mji umetajwa, ina utetezi wake. Yako haikutaja mji wowote. Hata ofisi za serikali hazisaidii sana katika hili, maana zinaitwa za uhamiaji ilhali maofisa wake hugonga muhuri pia kwenye pasi ya anayetoka.

Lakini katika somo lako tofauti hii ina kazi. Ili kujua idadi ya watu wa nchi imebadilikaje, unachukua vizazi, unatoa vifo, unajumlisha waliohamia, kisha unatoa waliohama. Ukiwaita wote "wahamiaji" hujui tena nani wa kujumlisha na nani wa kutoa. Mtu yule yule ni mhamaji katika hesabu ya nchi aliyoiacha na mhamiaji katika hesabu ya nchi aliyofikia. Tena mikondo hii haiendi upande mmoja: Ravenstein, aliyechambua sensa za Uingereza, aliandika mwaka 1885 kwamba kila mkondo mkubwa wa watu huzaa mkondo mwingine wa kurudi nyuma. Kuna miji inayopokea maelfu na kupoteza maelfu katika mwaka huo huo. Ukitaka neno moja la kufunika pande zote mbili, pendekezo langu ni uhamaji, kwa kuwa hakuna anayehamia popote bila kuhama kwanza.

Waandishi wengine hulikwepa neno mhamaji wakihofia msomaji atawaza wafugaji wanaofuata malisho. Hofu hiyo ina msingi, ila lugha ina tiba yake: rudufu kitenzi. Hao ni wafugaji wa kuhamahama, na mhamaji anabaki na maana pana. Tazama pia habari za mashua zinazovuka Mediterania, ambamo waliomo huitwa wahamiaji hata kabla hawajafika popote. Anayeandika hivyo amesimama ufukweni wanakoelekea. Mkimbizi ni habari nyingine kabisa. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua kwa hofu ya kuteswa iliyomtoa kwao, si kwa kuhama tu.

Sentensi ya pili ina makosa mawili, na moja si la lugha. La lugha ni upatanisho. Kinachotawala kitenzi ni idadi, si watu, kwa hiyo "idadi ya watu imekuwa ikipungua". Mtego huwa mkali zaidi kwenye "idadi kubwa ya watu wamehama", maana akilini tunawaona watu, na idadi haibebi mizigo. Sarufi inataka "imehama", sikio linakataa. Andika "watu wengi wamehama" uendelee na kazi yako.

Kosa jingine ni la hoja. Watu duniani hawajapungua tangu miaka ya 1960. Walikuwa takriban bilioni 3 mwaka 1960, na Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa walifika bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022. Kilichopungua ni kasi ya ongezeko: katika miaka hiyo ya 1960 ilipita asilimia 2 kwa mwaka, sasa iko chini ya asilimia 1. Kasi ikishuka, watu bado wanaongezeka, ila kwa mwendo mdogo kuliko awali. Idadi yenyewe ikishuka, kama inavyotokea Japani, na China tangu 2022, hapo ndipo useme watu wanapungua. Kwa hiyo andika: "Kasi ya ongezeko la watu duniani imekuwa ikipungua tangu miaka ya 1960." Kitenzi sasa kinapatana na kasi, ambayo nayo, kwa bahati yako, iko katika ngeli ile ile ya idadi.