Ganzi Kwanza, Koleo Baadaye

Wiki hii, katika chumba cha meno cha hospitali moja hapa Dodoma, nimemwona tena mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akishika koleo kabla hata hajaiweka chini sindano ya ganzi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini haraka hii mnakimbilia wapi?

1. Kwa gego la chini, ulizeni habari za mdomo wa chini, si za ulimi. Nilipokuwa mgeni kazini, mzee mmoja wa Chamwino aliniambia ganzi imeshika kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito, nami, nikiitazama foleni mlangoni, nikaridhika na kutia koleo. Ulimi una mshipa wake wa fahamu, jirani na njia ya sindano, nao unaweza kufa ganzi ilhali ule unaohudumia gego na nusu ya mdomo wa chini bado uko macho kabisa. Mzee hakupiga kelele, alinishika mkono, akautoa kinywani mwake taratibu, akasema, "Mjukuu wangu, hili ni jino langu, si la ng'ombe." Nilirudia sindano, nikasubiri hadi nusu ya mdomo ilipokufa ganzi, nikachokoa fizi kwa probu, kile kichuma chembamba cha kupimia, na jino likatoka bila shida, hata hivyo, karatasi ya dawa aliipokea kwa muuguzi, si kwangu.

Aibu ya namna hii ni ya zamani katika fani yetu. Daktari wa meno Horace Wells wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu mwaka 1844 kwa gesi ya nitrasi oksaidi, lakini alipokwenda Boston mwaka 1845 kuwaonyesha wenzake, mfuko wa gesi uliondolewa mapema, mgonjwa akalia, na watazamaji wakamzomea.

2. Umeme ukikatika, msikimbilie kumwambia mgonjwa arudi kesho: njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

3. Madoa ya kahawia kwenye meno ya mtu aliyekulia Singida huenda si uozo, bali yametokana na floraidi, madini yaliyomo katika maji ya kisima, kwa hiyo chunguzeni kwanza ndipo muwashe mashine.

4. Aliyeng'olewa jino aume pamba nusu saa na asisukutue siku hiyo, kwani donge la damu likitoka atarudi kwenu na maumivu makali kuliko aliyokuja nayo.