Shangazi, wamekuta mfupa kwenye kizazi changu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, ndoa yangu ina miaka mitano na sijapata mtoto. Nilipopimwa ultrasaundi daktari aliona kitu kigumu ndani ya kizazi, akaniuliza kama niliwahi kuwekwa kitanzi. Nikakataa. Akauliza kama niliwahi kutoa mimba, nikakataa tena, maana mume wangu alikuwa ameketi pembeni. Kweli ni kwamba nilitoa nikiwa chuoni, mimba ya miezi minne. Daktari anahisi ni mfupa. Mama mkwe anasema nimefungwa kizazi, nipelekwe kwa mtaalamu. Mimi naona naadhibiwa. — Mwenye siri, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Hakuna aliyekufunga, na adhabu siioni. Mimba ikifika miezi minne, mifupa ya kijusi imeshaanza kukomaa. Ikitolewa, au hata ikiharibika yenyewe, kipande kinaweza kubaki, na mwanamke akaendelea kupata siku zake kwa miaka asijue lolote. Kikikaa pale hufanya kazi ileile ya kitanzi: hukera ukuta wa kizazi, mimba ikashindwa kushika. Ndiyo sababu daktari alikuuliza habari za kitanzi. Kwenye ultrasaundi hufanana mno. Wakati mwingine wala si mabaki. Ukuta wa kizazi wenyewe, ukiumia au ukipata maambukizi ya muda mrefu, huweza kuota mfupa. Ni nadra, lakini mabingwa wa uzazi wanalijua jambo hili.

Na linatibika. Daktari hupitisha kamera nyembamba ukeni hadi ndani ya kizazi, bila kupasua tumbo, akakitoa huku anakiona. Uliza hospitali ya rufaa yenye kifaa hicho. Ukiambiwa utakwanguliwa tu bila kamera, uliza kwanza kama huwezi kupewa rufaa, kwa sababu kukwangua kunaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi, na hilo ni tatizo jingine. Dawa za kuweka ukeni za "kusafisha kizazi" haziyeyushi mfupa, na zinaweza kukuunguza. Wapo wanawake wengi walioshika mimba baada ya mfupa kutolewa. Kwako siwezi kuahidi, lakini sababu ya kutumaini ipo.

Sasa rudi kwa daktari peke yako, umwambie kweli. Nakusihi katika hili. Akijua, atatafuta vipande vingine, ataangalia makovu na kama mirija imeziba. Siri hiyo haruhusiwi kumpa mumeo bila ridhaa yako. Na huyo mumeo, amepimwa mbegu? Barua yako imenyamaza hapo, nami nimeona wake wengi wakizungushwa hospitali miaka mizima kabla mume hajatoa hata sampuli moja.

Kumweleza habari za chuoni ni uamuzi wako. Kama ni mtu wa kupiga, nyamaza, linda mwili wako. Kama ni mpole, mimi ningemwambia, lakini baada ya matibabu, mkiwa wawili, si mbele ya ndugu. Kwa sasa inatosha ajue kuna kitu kwenye kizazi na kinatolewa hospitali.

Mama mkwe mjibu hivyo hivyo, kwa adabu. Zaidi ya hapo hayamhusu.